Nilivyoanzisha tovuti ya kanga, na watu walivyokuja

Mkuu, umeuliza mambo mawili: tovuti ya sarafu zako za zamani uanzie wapi, na watu wa kuingia humo utawatoa wapi. La kwanza utalimaliza wiki moja. La pili lilinitesa karibu mwaka mzima, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Mimi nakusanya kanga. Bibi yangu alipofariki huku Tanga mwaka 2013 aliacha sanduku la doti kama 60, nyingine hata hazijakatwa. Mwaka uliofuata nikafungua tovuti kwa WordPress, nikanunua jina, nikalipia mwaka mzima. Jumla haikufika bei ya doti kumi. Usipoteze muda kwenye nembo na rangi za ukurasa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari hizo.

Nilipandisha kanga 40 kwa mpigo, kila moja na maelezo yangu marefu: pindo la pembeni, mji (sehemu ya katikati), jina (maneno yaliyoandikwa), na kila nilichokijua. Nikarusha kiungo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Watu wakasifu, wakaweka dole gumba, wakaondoka. Miezi mitano haikuandikwa hata sentensi moja chini ya picha zile. Nilikuwa nimeshasema kila kitu, na mgeni akiona kila kitu kimeshasemwa, atachangia nini?

Kilichogeuza mambo ni kanga moja kuukuu, imechanika upande, jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zilivyokuwa kanga za zamani. Yalisomeka maneno mawili ya mwisho tu. Nilisoma madrasa, herufi nazijua, nikasoma "bana njia". Sikuelewa. Nikapiga picha ya karibu, nikaandika chini yake mstari mmoja: "Hili jina silielewi, nani anaweza kulisoma?"

Siku ya tatu akajibu kijana kutoka Muscat. Alikuwa amemwonyesha babu yake, mzaliwa wa Unguja, naye mzee akasema Kiarabu hakina herufi ya p, hivyo wazee wengi waliandika kwa be ileile, yaani herufi ya b. Soma "pana njia", na kilichochanika ni "Penye nia". Kisha mzee akamwamuru mjukuu aandike na habari ya leso, yaani kanga, za mama yake, aya nne nzima. Nilizisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Kuanzia hapo nikafuta maelezo yangu mengi na kuacha maswali. Kanga hii ilivaliwa wapi? Nani anakumbuka ilitoka mwaka gani? Tazama chapa hii ndogo pembeni, ni ya kiwanda kipi? Akaja mama mmoja wa Mombasa anayeweza kukuambia kwa macho tu kama leso ni ya chapa ya "Mali ya Abdulla", wauza leso wa Biashara Street huko Mombasa, kabla hujamsomea maandishi. Akaja mzee aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Dar, akatufundisha jinsi rangi moja inavyopigwa juu ya nyingine, na kwa nini mstari mweupe hujitokeza pale zinapokosana kidogo. Mimi nilikuwa nikiuona mstari ule nikidhani ni urembo. Watu hawa hawakuja kunisoma mimi. Kila mmoja alikuwa na kitu anachokijua na hakuwahi kuulizwa.

Ukishapata watu ndipo kazi ya kuwalea inapoanza. Kanga zina vijembe, unajua. Wanachama wangu wawili, majirani kumbe, walianza kujibizana kwa picha: huyu anaweka "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", yule kesho yake anajibu na yake. Wengine wakashangilia. Mimi nilinyamaza wiki nzima, na hilo najuta, maana yule mama wa Mombasa alikaa kimya miezi kadhaa kwa kuchoshwa. Mwishowe niliwapigia wote wawili simu, mmoja mmoja, nikawaambia nawaheshimu na nawahitaji, lakini picha ziwe na habari ya kanga yenyewe. Mmoja alibaki. Usimkaripie mtu hadharani, mpigie. Wauzaji nao watakuja, wape ukurasa wao mmoja wasimwage bei kila mahali.

Sasa yale ya ufundi ambayo yaliniuma. Mwaka 2016 kampuni niliyoikodi kuweka tovuti ilizima mitambo yake bila taarifa, nikapoteza picha zaidi ya 100 na michango yote ya watu. Sikuwa na nakala. Picha nyingi nilizipata kwa sababu mwanachama mmoja alikuwa na tabia ya kuzihifadhi kwenye flashi. Michango haikurudi, na baadhi ya walioandika walikuwa wazee ambao leo hawapo. Kila Ijumaa sasa nashusha nakala nzima, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski nje ya nyumba.

Picha zipunguze kabla ya kupandisha. Simu inatoa picha ya MB 3 au 4, na mtu wa bando la siku hawezi kufungua kumi za hivyo. Maandishi yaliyo kwenye kitu yaandike pia kwa herufi chini ya picha, kama yalivyo, na tahajia yake. Wageni wangu wengi hutoka Google wakitafuta jina la kanga waliyoiona kwa bibi zao.

Kama uko Tanzania, soma kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Zilitoka 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee ya kuambiwa.

Kwa sarafu zako, usianze na orodha ya vyote ulivyonavyo. Anza na moja inayokusumbua. Zile senti za Afrika Mashariki zenye tundu, kuna nyingine zina herufi ndogo H au KN, uliza nani anajua maana yake. Au zile heller 20, sarafu za Wajerumani, zilizogongwa Tabora mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: lazima Tabora kuna familia zinazo kwenye makopo. Piga picha pande zote mbili, uulize, kisha ujibu kila anayekuja, kwa jina lake.

Ukifungua niletee kiungo. Ninayo senti 10 yenye tundu ya mwaka 1964, niliikuta imefungwa fundo kwenye pembe ya kanga ya bibi. Mpaka leo sijui kwa nini aliificha hiyo peke yake.