Kitabu cha katuni kupigwa pasi kitaalamu: inalipa?

Kaka, umeuliza kama ulipie toleo lako la miaka ya 1970 lenye jalada lililokunjika lipigwe pasi, yaani linyooshwe kwa joto na mgandamizo. Usikimbilie kulipa. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya jalada kwa mshazari. Ukiona mabonde tu, vibonyeo vya vidole au kona iliyojipinda huku rangi ikiwa nzima, hayo yananyooka. Ukiona kijistari cheupe juu ya mkunjo, wino umeshabanduka. Joto halirudishi wino, wala haliondoi kutu kwenye pini au kuziba palipochanika.

Kisha piga hesabu. Chukua bei ambazo nakala za gredi yako (alama ya hali ya kitabu, mwisho 10) zimeuzwa kweli (siyo bei wanazoomba wauzaji), linganisha na gredi moja juu, utoe gharama ya pasi, posta na kupimwa gredi. Kitabu kikiwa karibu na 9, kupanda kidogo tu kunaweza kubadilisha bei sana. Chako ukisema ni kama 4, na si toleo linalotafutwa, mimi nisingehangaika.

Kuhusu hofu yako kwamba lebo ya gredi itasema kitabu kimekarabatiwa: CGC, kampuni inayopima gredi za vitabu vya katuni, hawahesabu pasi kuwa ukarabati, kwa hiyo haitaandikwa.

Ila usijaribu na pasi ya nguo. Mimi nilijaribu; jalada likang'aa kama limepakwa mafuta, na pini zikaacha vishimo hadi ukurasa wa tatu.