Usigawe kwa 0.75: farasi wa matairi na farasi wa injini

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Eldoret. Ana Forester ya turbo, ya toleo la SG5, iliyotoka kiwandani ikiandikwa farasi 220 (kipimo cha nguvu ya injini), na ameileta Nairobi kupimwa kwenye daino, mashine ya roli inayopima nguvu inayofika kwenye matairi. Karatasi imesoma 158 kwenye matairi. Wenzake wamemcheka kwenye kundi la WhatsApp mpaka akanyamaza. Sasa ananiuliza mambo mawili: agawe kwa 0.75 au kwa 0.80 ili apate farasi wa injini, kwa kudhani asilimia 25 au 20 ya nguvu hupotea njiani, na je, aanze kutafuta turbo kubwa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road au auze gari tu?

Ndugu yangu, usigawe kwa chochote. Turbo nayo isubiri. Nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi nikiwa nimesimama kando ya gari langu, mbele za watu.

Langu ni Impreza STI ya Japani, lita mbili, iliyoandikwa 280. Siku nilipoipandisha kwenye daino ilisoma 221. Fundi aliyekuwa akisimamia kazi akatoa simu, akabonyeza kikokotoo, akatangaza kwa sauti: 280 za Kijapani ni kama 276 za kwenye mashine, maana farasi wa Kijapani ni mdogo kidogo, toa asilimia 15, ilipaswa kusoma 235. Kwa hiyo nimepungukiwa na farasi 14, pete za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Bili aliyoniandikia ilikuwa na tarakimu sita. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walinitazama kwa huruma, na mmoja akauliza kama nauza. Miaka imepita, lakini bado linaniuma.

Sikufungua injini. Niliomba karatasi yangu, nikalipia kupimwa, nikaenda.

Usiku nikaitandaza mezani, na ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna aliyekitazama pale gereji. Kila mtu alisoma ile namba ya juu, hakuna aliyesoma mchoro. Presha ya turbo ilipanda vizuri hadi bar 1.1, ikakaa, halafu injini ilipofika mizunguko 5,500 kwa dakika ikaanza kushuka, na mstari wa nguvu ukashuka nayo. Pete zilizokwisha hazina kawaida ya kungoja 5,500 ndipo zijionyeshe. Asubuhi nikapeleka gari kwa fundi mwingine akapima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda): silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Tukajaza hewa kwenye mabomba, tukapaka maji ya sabuni kila kiungo, na povu likachemka kwenye raba inayounganisha turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), upande wa chini ambao jicho halifiki. Ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Raba mpya, klipu mpya, basi.

Nikarudi kwenye mashine ileile, gia ya nne ileile, upepo wa matairi uleule. Ikasoma 240.

Sasa chukueni ile hesabu ya asilimia 15 muigeuze. 240 gawa kwa 0.85 unapata 282. Yaani injini kuukuu, ambayo haijaguswa ndani, inayopumua hewa ya Nairobi, ina nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani Japani! Ukigawa kwa 0.75 kama wanavyofanya wale wa makundi, unapata 320. Hesabu inayokupa majibu ya namna hii haikuelezi lolote kuhusu gari lako.

Shida iko wapi? Iko kwenye kuamini kwamba fowili zote (magari yanayosukumwa na matairi yote manne) hula asilimia moja ileile ya nguvu. Tazama njia ambayo nguvu inapita kwenye Subaru ya gia za mkono. Inatoka injini, inaingia klachi, inapita giaboksi, na humohumo ndani ya giaboksi kuna difu (meno yanayogawa nguvu kwa matairi) ya kati na ya mbele. Sehemu ya nguvu inatoka nyuma kwa propela (shafti ndefu iliyo chini ya gari) hadi difu ya nyuma. Meno ya difu ile hayasukumani tu, yanateleza juu ya mengine huku yamebanwa, na kuteleza huko ni joto. Mafuta mazito yanakorogwa, na yakiwa baridi yanakula zaidi. Beringi nazo zina lake. Mwisho kabisa kuna matairi manne yaliyofungwa kwa mikanda juu ya roli, yamebonyea, na hapo nguvu nyingi hupotea kuliko watu wanavyodhani. Kaza mikanda zaidi au punguza upepo, namba inashuka na injini haijabadilika hata kidogo.

Katika hasara hizo, baadhi hufuata mwendo na nyingine hufuata mzigo. Mafuta yanayokorogwa kwenye mwendo fulani hayajui kama injini yako ina farasi 200 au 400. Kwa hiyo ukiongeza nguvu ya injini maradufu, hasara haiongezeki maradufu. Anayesema gari lake la farasi 400 linapoteza asilimia 25 njiani anasema linapoteza farasi 100, sawa na kilowati 75. Hizo ni birika 37 za umeme, za kilowati mbili mbili, zikichemka kwa pamoja chini ya sakafu ya gari. Hata ukitoa fungu la matairi, giaboksi gani ingestahimili joto hilo?

Halafu kuna jambo la mwinuko, na hili ndilo hasa linalowachanganya watu wa huku kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa hewa uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Yenye turbo inajitahidi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu ya pengo. Lakini kompyuta ya daino haijui hilo. Kwenye baadhi ya mashine inasoma hewa ya chumbani, inazidisha matokeo ili yafanane na ya usawa wa bahari, na turbo yako inafidiwa mara ya pili bila kuombwa. Kwenye karatasi yangu, pembeni, kwa maandishi madogo, kulikuwa na 1.19. Ile 240 ninayojivunia ilikuwa kama 202 kabla ya kuzidishwa. Mwenzio aliyekucheka kwa 190 yake huenda alipimwa kwenye mashine inayozidisha, na wewe umepimwa kwenye isiyozidisha. Ulimuuliza?

Hata ile 280 ya kiwandani ina hadithi yake. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya 280 mpaka mwaka 2004, kwa hiyo namba ya kwenye brosha ilikuwa ya makubaliano, na magari kadhaa yalitoka na zaidi. Nayo petroli waliyopimia ni ile ya Japani ya oktani (kipimo cha kuzuia injini kugonga) karibu 100. Weka petroli yetu ya kawaida, injini inapoanza kugonga (mafuta yanajiwasha vibaya ndani ya silinda), kompyuta inachelewesha cheche kujilinda, na farasi wanapungua kabla hawajafika hata kwenye klachi.

Nisikilizeni basi, hasa ninyi mnaokopa ili mnunue turbo kwa sababu ya namba ya mtu mwingine. Namba ya matairi ilinganishwe na namba ya gari hilohilo, kwenye mashine hiyohiyo. Dai karatasi yenye mstari wa presha na mchanganyiko wa hewa na mafuta. Uliza imezidishwa kwa ngapi, na omba ile ghafi. Andika upepo wa matairi na gia iliyotumika. Fundi akikuambia injini imekufa kwa kugawa kwenye simu, mwombe apime kompresheni mbele yako. Akikasirika, chukua funguo zako.

Kwa kijana wa Eldoret: 158 yako ukigawa kwa 0.85 ni 186, ukigawa kwa 0.75 ni 211. Hapo katikati kuna farasi 25 ambao hawatoki kwenye injini wala gereji, wanatoka kwenye kikokotoo. Nitumie picha ya mchoro mzima, nataka kuona presha inafanya nini baada ya 5,000. Na ukirudi kupima, hakikisha daino ni ya roli nne, na kwamba roli za mbele na za nyuma zimeunganishwa zizunguke kwa kasi moja. Fowili ya kudumu kama yako ikipandishwa kwenye roli mbili, magurudumu mengine yakiwa yamesimama, difu ya kati inachemka, na hiyo ndiyo spea itakayokutoa jasho kuitafuta.