Pekua jina, usiishie kwenye nyumba

Ukianza kazi ya kupekua hati za nyumba inayouzwa hapa Marekani, kuona kama ina deni, utafundishwa kuifuata nyumba: nani alimuuzia nani, mkopo upi umeshalipwa. Sawa kabisa. Lakini faini ya mahakama haifuati nyumba, inamfuata mtu, na ndiyo maana wanaoanza huipita bila kuiona. Mimi niliipita.

Kwenye hati muuzaji aliandikwa Mohamed. Taarifa ya deni lake la faini ilimwandika Muhammad. Nilitafuta tahajia moja tu, nikaandika "hakuna deni". Mwenzangu aliligundua asubuhi ya siku ya kusaini, wakati mnunuzi ameshapakia vyombo kwenye lori, watoto wameshaaga shule. Tangu hapo, kabla sijagusa kompyuta, naorodhesha kwenye karatasi kila namna jina linavyoweza kuandikwa: Mohamed, Mohammed, Muhammad, jina la babu likiwa mwisho, jina la babu likiwa katikati. Kwa majina ya kwetu, hiyo karatasi ndiyo nusu ya kazi.

Kwa kesi za jinai za serikali kuu, faini, na pia fidia kwa walioathirika, huwa lieni tangu hukumu inapoingizwa: serikali inapata haki juu ya mali zote za mdaiwa. Inadumu miaka 20, na kama mtu alifungwa, miaka hiyo huhesabiwa tangu alipotoka gerezani. Kwa hiyo usiridhike na upekuzi wa miaka 10. Kufilisika nako hakuifuti. Ila ili imbane mnunuzi asiye na habari, lazima taarifa yake iwe imesajiliwa, na inaweza kusajiliwa hata jana jioni. Rudia upekuzi asubuhi ya kusaini, hata kama bosi ana haraka. Majimbo yana taratibu zake; soma za jimbo lako.

Usinakili kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu ukadhani ndilo deni. Faini inayozidi dola 2,500 huanza kuzaa riba isipolipwa yote kabla ya siku ya 15 baada ya hukumu. Malipo yakichelewa zaidi ya siku 30 huongezwa 10%, na yakizidi kulala, 15% nyingine. Omba barua ya kiasi kamili hadi siku ya kusaini. Deni likishalipwa, usifunge faili mpaka uone hati ya kuliondoa imesajiliwa.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaumiza zaidi: kumbebesha mtu deni la mwingine. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuwa wamezaliwa 1 Januari, hivyo jina na tarehe kufanana si ushahidi. Linganisha anwani, tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na mahali mtu alipokuwa mwaka wa hukumu.

Mama mmoja wa Kikongo, aliyefanana jina na mdaiwa wa faini, aliniuliza, sauti ikitetemeka, "Mwanangu, mimi na mahakama wapi na wapi?" Tulifungua bahasha yake ya karatasi za safari, zimekunjwa hadi mikunjo imechanika. Mwaka wa hukumu ile, yeye alikuwa bado kambini Nyarugusu, Kigoma. Nilitoa nakala, akala kiapo kwamba si yeye, na kabla ya saa sita mchana deni lile likaondolewa kwenye faili lake.