Upande mmoja umebaki nyuma, nifanyeje?

Swali: Kocha mambo vipi, mimi nanyanyua vyuma mwaka wa pili sasa. Shida yangu nikilala kwenye benchi nisukume, chuma kinapinda, kulia kinafika juu kwanza kushoto ndo kinafuata kwa kujivuta, halafu nikijicheki kwenye kioo kifua na mkono wa kushoto ni vidogo. Mshkaji wangu kaniambia niuache kabisa mkono wa kulia nipige wa kushoto tu mpaka vilingane. Ni kweli?

Jibu: Poa kaka. Mshkaji wako anakutakia mema ila hapo kakupoteza, ukiuacha wa kulia utalinganisha kwa kushusha, sidhani kama ndo unachotaka. Halafu ujue hakuna mwili uliolingana pande zote, ini liko kulia, moyo umeegemea kushoto, na wacheza tenisi wa kulipwa mpaka mfupa wa mkono unaoshika raketi unakuwa mnene kuliko mwenzake na makombe wanabeba kama kawaida. Kwa hiyo hiyo tofauti ya kwenye kioo mimi wala isingeninyima usingizi. Kinachonisumbua ni chuma kupinda.

Anza na kitu rahisi, mikono unashika wapi? Chuma kirefu huwa kina alama za mduara kila upande, hakikisha mikono yote iko umbali sawa kutoka hapo, maana kuna watu wanahangaika na msuli miezi kumbe wameshika vibaya tu. Mwambie mtu akurekodi na simu akiwa amesimama upande wa miguu yako, utaona.

Kama umeshika sawa na bado kinapinda, basi kwa muda chuma kirefu kiweke pembeni uchukue dambeli, mkono mmoja mmoja, kwa sababu dambeli ya kushoto haiwezi kusaidiwa na mkono wa kulia. Anza na kushoto siku zote, ukiwa bado na nguvu. Tuseme umefika mara 8 safi, ya 9 bega linapanda kuelekea sikioni, kiwiko kinakimbilia nje, kiuno nacho kinajikunja kutafuta msaada, hiyo ya 9 usiihesabu, seti imeishia hapo. Sasa hamia kulia, uzito uleule, piga 8 tu hata kama unajiona una 12 mkononi. Hapa ndo wengi wanafeli, mkono wa kulia ukiwa na raha wanauachia uende, halafu wanashangaa tofauti iko palepale. Fanya hivyohivyo kwenye kuvuta na kwenye mabega.

Wiki za mwanzo nguvu itapanda kabla ya ukubwa, ni mishipa ya fahamu inajifunza kuutumia huo msuli, ukubwa wenyewe ni habari ya miezi kwa hiyo usipime kila asubuhi. Ikipita kama miezi miwili na namba za kushoto hazijasogea kabisa, ongeza seti 1 ya kushoto. Moja, sio tano.

Swali: Kocha, nilivunjika mguu wa kushoto, plasta imetolewa na daktari kaniruhusu kuukanyagia, ila paja limekuwa jembamba na nikishuka ngazi goti linatetemeka. Nisubiri lijae lenyewe?

Jibu: Pole sana dada. Usisubiri, halijai lenyewe. Msuli wa mbele ya paja ndo unaonyauka haraka mguu ukikaa bila kazi. Anza na kukaa na kusimama kwenye kiti, polepole, ila jihadhari, mwili mjanja sana, utajikuta mguu wa kulia, ule mzima, unafanya kazi yote na wewe hujui. Ukipata mizani mbili za kupimia uzito weka kila mguu juu ya mmoja, simama, angalia namba, utacheka mwenyewe. Zikikaribiana ndo uhamie kupanda kibao kifupi kwa mguu wa kushoto, na kushuka taratibu, kushuka ndo dawa ya hilo goti.

Na mguu mzima nao uufanyishe mazoezi. Tangu 1894 mtafiti Edward Scripture na wenzake wa chuo cha Yale kule Marekani walionyesha kwamba ukiufundisha mkono mmoja nguvu, hata ule uliopumzika unapata kidogo, na miguu ni hivyohivyo. Kukimbia na kuruka bado, wataalamu wengi wa fiziotherapia wanataka mguu dhaifu ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake kwanza, kwa hiyo muombe wako akupime.

Swali: Bega langu moja liko chini kuliko lingine, niogope?

Jibu: Kama liko hivyo miaka yote na haliumi, hapana. Ila kama ni mtoto anayekua na akiinama mbele, upande mmoja wa mgongo unanyanyuka kuliko mwingine, mpeleke akaangaliwe uti wa mgongo. Msuli unaonyauka bila sababu, ganzi, vitu kukudondoka mkononi, hayo ni ya daktari, dambeli zisubiri. Na upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo umepinda au maneno hayatoki vizuri, hapo ni hospitali dakika hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.