Bi Futi Anajibu: Kifua Kimoja, Namba Nne

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari mitatu tu kuhusu kupima sidiria, kwamba kipimo cha chini ya matiti kisiongezewe inchi 4, na barua zilizokuja zimezidi hata zile za mishono ya sare za harusi. Wengine wananishukuru, wengine wananirudisha darasani. Basi leo ukurasa wote ni wa kifua. Wa vitenge na dera mnivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bi Futi. Nina miaka 29, nakaa Tabata. Mdogo wangu anaolewa na mimi ndiye msimamizi, nikataka sidiria nzuri ya kuvalia gauni. Fundi wa gauni alinipima akaniandikia 36A. Nikaenda Kariakoo, dada wa dukani akapitisha futi kwapani, akasema 34C. Wifi yangu yuko Leicester, Uingereza, akanielekeza kwa simu ya video, akasema nisiongeze chochote, mimi ni 32DD. Mama alikuwa pembeni akacheka mpaka akakaa chini, eti DD kwa kifua gani? Mwishoni nikanunua yenye lebo 80B kwa sababu ndiyo iliyonipendeza. Inanitosha, ila naifunga kulabu ya ndani kabisa na ikifika jioni imepanda mgongoni. Chini ya matiti nina inchi 31, penye chuchu 37. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Wote wanne wamepiga hesabu sawasawa. Balaa ni kwamba kila mmoja ana hesabu yake.

Fundi wako ametumia kanuni tuliyofundishwa wengi: chukua kipimo cha chini ya matiti, kikiwa shufwa ongeza 4, kikiwa witiri ongeza 5. Kwa hiyo 31 ikawa 36. Kisha akatoa 36 kwenye 37, ikabaki inchi 1, na inchi 1 ni A. Dada wa Kariakoo hakushughulika na chini. Alizungusha futi juu ya matiti, kwapani, akapata 34. Kutoka 34 hadi 37 ni inchi 3, yaani C. Wifi yako ameichukua 31 kama ilivyo, akaisogeza tu hadi 32 kwa sababu sidiria hazitengenezwi za witiri. Zikabaki inchi 5, na kwa herufi za Waingereza inchi 5 ni DD. Na hiyo 80B ni ya Wazungu wa bara la Ulaya, wanaopima kwa sentimita: chini una kama 79, wanaiita 80; tofauti na juu ni kama sentimita 15, na kwao hiyo ni B. Kwao B huanza sentimita 14, si inchi 2.

Kwa hiyo mama asicheke. DD si ukubwa wa titi. Namba ni ya mkanda unaozunguka mbavu, na herufi ya kikombe ni tofauti kati ya juu na chini, basi. Kikombe cha D kwenye mkanda wa 32 ni sawa na cha C kwenye 34, na cha B kwenye 36. Ukipanda mkanda namba moja, herufi inashuka moja. Sasa tazama: 80 ya Wazungu wa bara ni 36 yetu ya inchi. Ile 80B uliyoipenda na ile 34C ya dada wa Kariakoo zina kikombe kilekile! Wamegombana mkanda tu. Aliyepotea ni fundi wako, amekupunguzia kikombe na kukupanulia mkanda kwa mpigo mmoja.

Nasema amepotea kwa sababu nami nilipotea hapo hapo zaidi ya miaka ishirini. Nilijifunza cherehani mwaka 1984 kwa mama mmoja wa Ilala, na kanuni ya kuongeza 4 niliipokea kama watu wanavyopokea ubani. Sikuuliza. Siku moja akaja mteja wangu, mwalimu wa sekondari, kujaribu suti. Alipovua blauzi nikaona mabega yake yana mifereji miwili, kama ya mtu aliyebeba ndoo za maji kwa kamba tangu utotoni. Mgongoni mkanda umepanda hadi karibu na shingo. Nikamuuliza nani alimpima. Akaniangalia. "Si wewe, Bi Futi?"

Nilikuwa nimempa 40C: chini 36, ongeza 4, juu 43. Siku ile tukakaa na sidiria zote nilizokuwa nazo dukani, na mbili alizoletewa na dada yake kutoka ng'ambo, tukajaribu mpaka adhana ya magharibi. Iliyomkaa ilikuwa 38E. Kwa hesabu ya wifi yako angekuwa 36F, ambayo ni kikombe hichohicho kwenye mkanda mfupi, lakini mbavu zake hazikuukubali mkanda wa 36. Alipovaa ile 38E akashusha pumzi, kisha akashusha kamba za mabegani kwa makusudi, na sidiria haikushuka. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mkanda. Uzito wa matiti hubebwa na mkanda wa chini. Kamba za mabegani ni za kushikilia tu. Mkanda ukilegea, mbele huvuta chini, nyuma hupanda, na wewe unakaza kamba hadi zinakukata mabega.

Turudi kwako. Kulabu ya ndani kabisa ikiwa mpya, na bado inapanda jioni: mkanda wa 80 ni mkubwa kwako. Sidiria mpya hufungwa kulabu ya nje, ile inayolegea zaidi, kwa sababu lastiki itachoka, na zile nyingine ni akiba. Shuka mkanda mmoja, ubaki na kikombe hicho: 34C. Kama juu ya kikombe panafanya kidaraja, nyama imemwagika, chukua 34D. Ile 32DD ya wifi yako ina kikombe hichohicho cha 34D, nayo ijaribu ukiipata. Utaamua kwa mbavu zako, si kwa simu ya video.

Na ukienda kujaribu, usitazame kioo kwanza. Vaa sidiria kinyumenyume, vikombe viwe mgongoni, ufunge kulabu mbele. Sasa unapima mkanda peke yake, bila matiti kuusumbua. Vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo, na usipande ukiinua mikono. Ukiridhika, geuza uvae sawasawa, inama, uingize mkono na uvute nyama yote ya kwapani iingie kwenye kikombe. Wengi hawafanyi hivi. Nusu ya titi inaachwa kwapani halafu wanasema kikombe ni kikubwa. Kama ina waya, waya uzunguke titi lote na usilale juu ya nyama, na kile kiungo cha katikati kiguse mfupa wa kifua. Kikielea, kikombe ni kidogo.

Kipimo chenyewe nacho nina shaka nacho kidogo. Hukusema kama ulisimama wima au uliinama ulipopima penye chuchu. Mwenye matiti laini akisimama wima, futi inayabana na kuyapunguza. Pima mara mbili, umesimama na umeinama mgongo ukiwa sawa na meza, uchukue katikati. Chini pima umetoa pumzi, futi imelala sawa pande zote, isiteremke nyuma.

Jambo la mwisho, la biashara. Zunguka mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, uone maduka mangapi yana zaidi ya B na C, na mkanda chini ya 34. Hesabu ya kuongeza 4 ina sifa moja nzuri sana kwa mwenye duka: inamrudisha karibu kila mteja kwenye namba zilizopo rafuni. Sisemi wanafanya makusudi. Nami nilikuwa na duka.

Gauni la usimamizi lisikatwe kabla hujapata sidiria hiyo. Mpelekee fundi ukiwa umeivaa, akupime upya.

Bi Futi, mimi ni fundi mstaafu wa Moshi. Unawapotosha watoto wetu. Nimeshona blauzi miaka 40. Kifua kikiwa 36, sidiria ni 36, hakuna miujiza. Na nguo isiyoachiwa nafasi ya kupumua ni ya kumwua mtu.

Fundi mwenzangu, shikamoo.

Tuchukue wanawake wawili wenye kifua cha 36. Mmoja chini ana 34, mwingine ana 28. Kwa blauzi zako utawakata kwa kipimo kimoja cha kifua, na kila mmoja utamrekebishia mikunjo ya kifuani. Kwa sidiria, ukiwapa wote 36, wa kwanza ataivaa vizuri kiasi na wa pili itamzunguka kama hirizi ya kukopa. Namba ya kwenye lebo ni ya mkanda, kaka. Kifua kinaandikwa kwa herufi, na lebo bila herufi ni nusu ya habari.

Hilo la kupumua ndilo ninalolipenda katika barua yako, kwa sababu ndipo sisi mafundi tulipojikwaa. Kitenge hakivutiki. Ukikata blauzi sawa na mwili, mtu akikohoa unasikia mshono. Kwa hiyo tunaongeza, na mkono umezoea kuongeza. Lakini mkanda wa sidiria ni lastiki, umetengenezwa mfupi kuliko mwili ili uvutike ndipo ushike. Kuuongezea inchi 4 ni kuunyang'anya kazi. Ukishona gauni lenye sidiria ya ndani kwa kitambaa kigumu kisichovutika, ongeza, nakuunga mkono.

Na usidhani ubishi huu ni wetu sisi wa cherehani za kukanyaga. Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, kina kikosi kizima cha watafiti wa matiti na sidiria. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya wanawake 45 waliopimwa kwa futi kwa njia ya kawaida ya madukani, halafu wakapimwa kwa kutazama sidiria ilivyokaa mwilini. Kwa wengi wao, futi ilitoa mkanda mkubwa mno na kikombe kidogo mno. London kuna duka la Rigby & Peller, lililomvisha Malkia Elizabeth miaka mingi, na sifa yake kubwa ilikuwa kutotumia futi kabisa. Mpimaji alikutazama kwa jicho, akaenda kuchukua sidiria. Mimi jina langu ni Bi Futi na hata hivyo nawaelewa.

Nitakuachia kitu kimoja cha kufurahia. Hawa vijana wa "usiongeze hata inchi" nao wameshaifanya dini. Mwembamba ambaye ngozi imelala juu ya mbavu, ukimbana kwa namba yake kamili, hatafika saa sita mchana. Mnene, lastiki inazama kidogo kwenye nyama, na mara nyingi huweza kushuka hata chini ya kipimo chake. Inchi 31 za mmoja hazifanani na 31 za mwingine.

Salaam aleikum Bi Futi. Niko Mombasa, nimejifungua wiki tatu zilizopita. Mama mkwe asema nisivae sidiria mpaka arobaini iishe. Muuzaji asema ninunue kubwa kwa namba mbili. Nifuate nani?

Waaleikum salaam, na hongera. Mfuate mama mkwe, walau kwa sasa. Kukaa bila sidiria hakukudhuru kitu, na maziwa bado yanajipanga. Leo unajaa, kesho umepungua. Kipimo cha wiki hii hakitakufaa mwezi ujao. Ukitaka kitu cha kushikia, vaa ya kunyonyeshea laini isiyo na waya wala kubana, maana ikigandamiza titi lililojaa inaweza kuziba njia ya maziwa. Pakiwa pekundu, panauma na una homa, nenda kliniki siku hiyohiyo.

Muuzaji amekosea namba ya kuongeza. Kilichokua ni titi, mbavu zimebaki pale pale au zimepanuka kidogo tu. Panda kikombe, mkanda uongeze namba moja ikibidi. Tafuta yenye safu nyingi za kulabu ili uikaze mwili ukirudi. Na hili usimwambie mama mkwe kwamba limetoka gazetini, atafurahi zaidi akijua umemsikiliza yeye.

Bi Futi, titi langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Nipime lipi?

La kushoto. Upande wa kulia kaza kamba kidogo, au tia kipande cha sponji. Nimewapima wanawake tangu 1984 na waliolingana pande zote mbili sijawamaliza vidole vya mkono mmoja.