Dume au jike? Usiamini gando peke yake

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mafinga. Ndugu yangu kaniletea chupa ya vielelezo kutoka Bagamoyo: kaa wadogo wa mikokoni na kamba wanaochimba mashimo kwenye tope. Kaa wengine wana gando moja kubwa kupita kiasi, wengine yote mawili ni madogo. Je, ni aina mbili? Na gando likiwa limekatika, nitajuaje jinsia?

JIBU: Mwalimu, yawezekana kabisa ni aina moja. Kwa kaa hao, dume ndiye mwenye gando moja kubwa, na laweza kufikia karibu nusu ya uzito wake. Hulipunga kuita majike na hupigania shimo kwalo, lakini halimsaidii kula. Tope analichota kwa lile dogo tu, wakati jike anatumia yote mawili.

Ila usihukumu kwa gando. Hung'oka kirahisi, hata ndani ya chupa wakati basi linapanda Kitonga. Mgeuze kaa chali. Tumbo lake limekunjwa chini ya kifua: la dume ni jembamba, la pembetatu, la jike ni pana na la mviringo. Linyanyue taratibu kwa kibanio. Dume ana jozi mbili za viungo vigumu vya kupandia, jike ana jozi nne zenye vinyweleo, na humo ndimo mayai hushikwa. Jike ambaye hajapevuka tumbo lake bado ni jembamba na huwadanganya wengi, kwa hiyo hesabu viungo.

Kamba ndio wasumbufu. Jike naye aweza kuwa na gando moja lililozidi jingine, ingawa la dume aliyekomaa kwa kawaida huzidi zaidi. Chukua lenzi ya mkono, utafute tundu la uzazi pale mguu unapoungana na mwili. Ukihesabu magando kuwa jozi ya kwanza, tundu la jike liko jozi ya tatu, la dume jozi ya tano.

Vielelezo vikichakaa, kwa somo la tumbo huna haja ya kuagiza tena pwani. Kaa wa mtoni wa jenasi Potamonautes, wanaopatikana kwenye mito na vijito vya nyanda zetu, wana tofauti hiyohiyo. Ukimkuta jike amekumbatia vikaa chini ya tumbo usishangae: mayai ya hawa huangua kaa kamili, bila hatua ya lava (mtoto asiyefanana bado na mzazi). Huyo mrudishe majini, tafuta mwingine.