Prado ya Dubai kuhamishiwa usukani kulia

Asalaam aleikum ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama hiyo Prado uliyoletewa kutoka Dubai, usukani kushoto, yafaa kuhamishwa kulia. Inawezekana, ila nakusihi uiuze ununue ya Japani. Wao nao hupita kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wa kulia unatoka nao kiwandani.

Kazi si kugeuza dashibodi tu. Stelingi boksi, yaani kifaa kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi, ya kulia ni nyengine, pedeli zinahama pamoja na busta ya breki, ile inayoongeza nguvu ya mguu wako, na ule ukuta wa chuma nyuma ya injini hutobolewa upya. Waipa za kioo cha mbele nazo zinabadilishwa. Taa za mbele pia, maana zako zimetengenezwa kumulika zaidi kulia, na kwetu huko ndiko machoni mwa anayekuja.

Kinachonitia hofu hasa ni shafti ya usukani kuungwa kwa kuchomelea. Pikapu niliyoinunua Unguja ilifanywa hivyo. Siku moja nashuka kilima, nikahisi usukani unacheza kiasi cha vidole viwili kabla ya tairi kufuata. Nikainama na tochi: ufa mwembamba kama unywele, pembeni mwa weldi. Wanangu walikuwa wamekaa nyuma.

Ukiibakisha kushoto, shida kubwa ni kuipita daladala au gari ya ng'ombe. Huoni mbele mpaka umeshajitokeza katikati ya barabara. Mpakie mtu kulia akuangalizie. Na kabla fundi hajashika spana, waulize wakaguzi wa magari na watu wa bima yako, wakujibu kwa maandishi.